Plastiki kwenye kombaini ya mpunga: chini ya kichwa inadumu, kwenye koo inaisha haraka. Sababu ni nini?

#1 Jaruba_Magu
Mwangaluka wakuu.

Kombaini ya krola (inayotembea kwa mikanda badala ya matairi), upana wa kukata mita 2, inavuna Magu na Misungwi. Sehemu tatu zilizokuwa na chuma zimewekwa plastiki: sahani za chini ya kichwa, yaani sehemu ya mbele inayokata, zinazoteleza ardhini, ili tope lisinate (viatu), sakafu ya koo pale cheni ya vibao inapoburuta mpunga kwenda kwenye drami ya kupuria, na bushi (vipande vya duara ambamo shafti inazunguka) za mikono ya rili, ile inayozunguka mbele kuinamishia mpunga kwenye kisu. Muuzaji alisema zote ni "nailoni nzito".

Matokeo ya msimu mmoja hayafanani kabisa. Viatu vilikuwa mm 12, leo kipimo cha venia kinasoma mm 10 kwenye kona za mbele na mm 11 katikati. Sakafu ya koo ilikuwa mm 8, imetoboka mistari miwili sambamba kabla mavuno hayajaisha. Bushi hazijalika hata kidogo, ila zimebana shafti mpaka vidole vya rili vikagoma kusimama wima, hasa mvua za mwisho za Mei zilipokuwa bado zinanyesha.

Mashine moja, msimu mmoja. Kwa nini tofauti kubwa hivi?

#2 Bolti_M12
Anza na hilo neno "nailoni". Mwanza hii kila plastiki nyeupe ni nailoni, kuanzia mfuko mpaka bushi. Hata ile mifuko iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tuliiita nailoni, na ilikuwa polietilini. Ni vitu viwili tofauti kama mti na chuma.

Chukua ndoo ya maji, tupia kipande cha kila kimoja. Polietilini inaelea, uzito wake ni gramu 0.93 hadi 0.96 kwa sentimita moja ya ujazo. Nailoni inazama, ni gramu 1.14. Kikielea una mali nzuri, kikizama umeuziwa kingine.

#3 Mkerezaji_Igogo
Mkuu #2, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Kuelea kunakwambia ni polietilini au ndugu zake tu, hakukwambii ni daraja gani. Bomba la maji linaelea, ndoo ya kuogea inaelea, hata polipropilini ya kiti cha plastiki inaelea. Na kuzama si kosa: kuna mahali nailoni ndiyo inayotakiwa.

Polietilini inayotumika kwenye viatu vya kombaini ni ile ya minyororo mirefu sana ya molekuli. Namna ya kuitambua ni moto. Kata kijipande chembamba kama njiti ya kiberiti, kipashe juu ya mwali bila kukigusisha. Polietilini ya kawaida italainika, itavutika na kudondoka kama nta ya mshumaa. Ile ya minyororo mirefu haidondoki: inageuka angavu kama kioo, inakuwa kama mpira, umbo linabaki palepale, ikipoa inarudi weupe. Nailoni ukiiwasha inanuka nywele au sufu iliyoungua. Ukipata harufu kali ya kuchoma pua kama asidi, hiyo ni plastiki ya PVC, itupe na usiivute hewa yake.

Fanyia nje, mbali na makapi na mafuta.

#4 Jaruba_Magu
Nimefanya yote mawili. Kiatu: kimeelea, kimekuwa angavu, hakikudondoka. Sakafu ya koo: imeelea, imedondoka kama mshumaa. Bushi: imezama, harufu ya nywele.

Kumbe ni plastiki tatu tofauti, na zote ziliuzwa kwa jina moja.

#5 Bolti_M12
Basi kesi imeisha. Koo liliwekewa polietilini ya kawaida, ndiyo maana limetoboka.

#6 Itogolo
Haijaisha. Mkuu #1, hayo majaruba ni ya mbugani kwenye udongo mweusi, au ni ya juu kidogo penye itogolo? Watu husema "mbuga" kwa kila penye mpunga, lakini majaruba mengi ya kwetu yako itogoloni, chini yake pagumu, juu kuna mchanga. Huo mchanga umetokana na mawe yetu ya matale, chembe zake ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ukipanda juu zaidi unakuta luseni, mchanga mtupu.

Udongo mweusi mbichi ni laini, unateleza juu ya polietilini bila kuikwangua. Mchanga unakata. Kona za mbele za viatu zimepoteza mm 2 na katikati mm 1 kwa sababu kona ndizo zinazochimba mashine ikigeuka kwenye tuta. Weka mashine hiyohiyo luseni msimu mzima, hata hiyo minyororo mirefu utaiona inaisha.

#7 Jaruba_Magu
Nusu kwa nusu. Magu ni mbuga hasa, Misungwi ni itogolo.

#8 Mama_Mchele
Wanangu, naomba niulize kama mwenye mashine ya kukoboa. Hiyo plastiki inayolika inaenda wapi? Inaingia kwenye mpunga? Na je, ni kweli plastiki kwenye kombaini inapunguza chenga? Kuna madereva wanawaambia wakulima hivyo ili walipwe zaidi.

#9 Mkerezaji_Igogo
Shikamoo mama. Ya viatu inabaki shambani. Ya koo ndiyo ya kuangalia, maana inasafiri na mpunga. Unga na nyuzi nyepesi hupeperushwa na feni pamoja na makapi, lakini kipande kikubwa kilichobanduka kinaweza kufika tenki. Ndiyo maana sakafu ya koo ibadilishwe ikibaki nusu ya unene wake, isisubiriwe itoboke.

Kuhusu chenga, viatu na bushi za rili haviwezi kupunguza chenga, punje haigusi huko. Chenga inatoka kwenye unyevu. Mpunga ukivunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 24 na kukaushwa taratibu hadi 14, punje inabaki nzima. Ukiachwa shambani ukauke sana, kisha umande au mvua iulowanishe tena, punje inapasuka ndani kwa ndani, na kinu kinamalizia tu. Mwendo wa drami nao unachangia. Dereva anayedai malipo zaidi kwa ajili ya viatu vya plastiki, mama, msimlipe.

#10 Mama_Mchele
Wabeja. Nitawaambia.

#11 Bolti_M12
Narudi kwenye koo, na hapa nafuta kauli yangu ya #5. Mkuu #1 alisema mistari miwili sambamba. Itazameni hiyo mistari. Kama mpunga ndio ungekuwa unakula sakafu, ingelika upana wote, tena katikati zaidi maana huko ndiko mzigo unakopita. Mistari miwili ina maana ya cheni mbili. Cheni imelala juu ya plastiki inajikokota.

Mkuu, pima umbali kati ya mistari, kisha umbali kati ya cheni. Vikilingana, tatizo ni mkazo wa cheni. Cheni ikilegea tumbo lake la chini linashuka na kulala sakafuni. Kibao ndicho kinachotakiwa kupita karibu na sakafu, cheni yenyewe isiguse. Na ukiweka plastiki ya mm 8 juu ya sakafu ya chuma iliyokuwepo, umeinua sakafu kwa mm 8 bila kuinua roli ya cheni. Nafasi yote imekwisha hapo.

#12 Jaruba_Magu
Imelingana, tofauti labda mm 5. Na ni kweli plastiki iliwekwa juu ya chuma cha zamani, hakikutolewa.

#13 Ganda_la_Mpunga
Kulingana hakutoshi. Cheni inabeba na kuburuta vumbi la ganda. Ganda la mpunga ukilichoma linabaki majivu kama asilimia 20, na karibu majivu yote hayo ni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye kioo na mchanga. Vumbi hilo likiingia kati ya cheni na sakafu, cheni inakuwa msasa. Kwenye chuma jambo hilohilo hutokea ila polepole. Kwa hiyo cheni imeonyesha pa kukata tu, kisu chenyewe ni silika.

Halafu kuna joto. Polietilini ya kawaida inayeyuka karibu na nyuzi 130, lakini inaanza kuwa laini mapema sana, ukivuka 80 haina nguvu tena ya kubeba mzigo. Cheni kavu inayosugua mchana wa Juni, sakafu imefunikwa na majani, joto halina pa kutokea. Chuma kinasambaza joto, plastiki inalikumbatia. Kiatu cha chini kinapozwa na tope muda wote.

#14 Itogolo
Kama ni joto, kingo za mstari zingekuwa zimeyeyuka na kuvimba pembeni. Kama ni kukwanguliwa, kingo ni kali na ndani kuna mikwaruzo ya kwenda mbele. Mkuu #1, pitisha kucha.

#15 Jaruba_Magu
Upande wa juu karibu na drami kingo zimevimba na kung'aa. Upande wa chini karibu na kisu ni mikwaruzo mikavu, kingo kali.

#16 Bolti_M12
Kila mtu kapata lake basi.

#17 Mkerezaji_Igogo
Tuache koo kidogo, maana hakuna aliyejibu bushi.

Nailoni inakunywa maji. Ile ya kawaida ikiloweshwa hadi ikinai inabeba hadi kama asilimia 9 ya uzito wake, na vipimo vinakua kwa asilimia 2 hadi 3. Bushi yenye ukuta wa mm 5 inanenepa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita kila upande, na kwa sababu nje imebanwa na nyumba yake ya chuma, haina pa kwenda ila ndani, kwenye shafti. Ukikereza bushi kavu ukaiachia nafasi ya mm 0.2 kwenye shafti ya mm 25 kama ya shaba, umande wa Mei unaimaliza nafasi hiyo.

Kipande kikerezwe kwanza kikubwa kidogo, kichemshwe kwenye sufuria ya maji saa kadhaa, kipoe humohumo, ndipo kikerezwe kipimo cha mwisho. Hapo acha mm 0.3 hadi 0.4. Italegea kidogo kiangazi, si tatizo, rili haizunguki kwa kasi. Bushi isukumwe ndani ya nyumba yake kwanza, halafu upime tundu, kwa sababu kusukumwa nako kunapunguza tundu.

Na msitie grisi. Grisi inashika vumbi, inakuwa unga wa kusagia.

#18 Sangara_wa_Ziwani
Kwa nini usitumie tu polietilini ya minyororo mirefu kwenye bushi? Hiyo hainywi maji.

#19 Mkerezaji_Igogo
Hainywi, kweli. Ila inatambaa ikibebeshwa mzigo mahali pamoja: umbo linapungua polepole hata bila kulika, bushi inakuwa yai. Na inatanuka kwa joto kuliko nailoni. Kwa rili nyepesi inafaa, mikono ikiwa mizito nailoni ni bora. Wengine wanapendelea mbao ngumu iliyochemshwa kwenye mafuta, na siwapingi, kombaini nyingi za zamani zilitoka kiwandani na bushi za mbao.

#20 Ganda_la_Mpunga
Mkuu #17, kuna jambo umeliacha. Bushi haijalika, sawa, lakini shafti je? Chembe za mchanga zinajizika ndani ya plastiki laini, zinabaki humo zikikereza shafti kila mzunguko. Nimeshaona rili ambayo bushi zake ni kama mpya na shafti imeingia ndani karibu mm 1. Mtu anafurahia bushi ya bei ndogo kumbe anauza shafti.

#21 Mkerezaji_Igogo
Hilo lipo. Dawa yake ni kola ya mpira au hata washa ya ngozi kila upande kuzuia mchanga, na shafti ing'arishwe kwa msasa namba 400 kabla ya kufungwa. Shafti yenye kutu ikiingizwa kwenye bushi mpya, hakuna plastiki itakayopona.

#22 Sangara_wa_Ziwani
Kuhusu pa kupata mali: zile mbao nyeupe za kukatia minofu kwenye viwanda vya samaki zikichakaa huuzwa. Nyingi ni polietilini nene, nyingine mm 20 na zaidi. Na vipande vya bomba jeusi la maji lenye mstari wa bluu. La mm 160 la daraja la mgandamizo wa baa 16 lina ukuta wa mm 14.6, ukilipasua kwa urefu unapata bamba la upana wa karibu nusu mita.

#23 Bolti_M12
Bomba ni zuri ila lina ukaidi. Limezaliwa duara. Ukilipasha moto na kulibana kati ya sahani mbili za chuma mpaka lipoe kabisa, litakaa bapa, halafu jua la saa saba litalikumbusha lilikotoka na kona zitaanza kunyanyuka. Bolti ziwe karibu karibu kwenye kingo.

Mbao za minofu ni bapa tayari, lakini nyeupe haina kinga ya jua. Kombaini ikilala nje miezi tisa inapata nyufa ndogondogo juu. Bomba jeusi lina masizi ndani yake na hayo ndiyo yanayozuia jua. Mashine ikiwa na banda, chukua mbao. Ikilala nje, chukua bomba.

#24 Itogolo
Na mapipa ya bluu? Yamejaa mjini.

#25 Mkerezaji_Igogo
Mapipa hapana. Ukuta ni mwembamba, mm chache tu, na hujui lilibeba nini. Pipa lililowahi kuwa na dawa ya wadudu au kemikali ya kiwandani, plastiki yake imefyonza. Unaiweka kwenye koo la mashine inayovuna chakula? Usifanye.

#26 Jaruba_Magu
Naomba anayejua kufunga aeleze, maana viatu vyangu vimeanza kupinda kama mawimbi kati ya bolti na bolti. Vilifungwa bamba moja la mita 2 kwa bolti 10 za M10 zilizokazwa kweli.

#27 Bolti_M12
Hapo ndipo wengi wanapokosea. Polietilini ya minyororo mirefu inatanuka karibu mm 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Alfajiri nyuzi 20, jua kali juu ya kichwa chuma kinafika 50. Bamba la mita 2 linataka kurefuka mm 12, na chuma kilichoshikilia kinarefuka chini ya mm 1. Hizo mm 11 zitaenda wapi? Zinapanda juu, ndiyo mawimbi unayoyaona, na tope linaingia humo.

Kata vipande vya sentimita 40 hadi 50. Kila kipande kitahitaji mm 2 au 3 tu. Tundu moja la mbele liwe duara la kubana, mengine yawe marefu ya kuelekea upande wa urefu, M10 ipate tundu la urefu wa mm 16. Vipande vipandane kama vigae, cha mbele kifunike cha nyuma, ili tope na majani yasipate mdomo wa kuingilia. Kichwa cha bolti kizame mm 4 chini ya uso: hiyo ndiyo alama yako, plastiki ikifika usawa wa bolti, badilisha. Nyuma weka washa pana na nati ya kujifunga. Usikaze kama chuma. Kaza ishike, ongeza robo mzunguko, fanya kazi kwa muda wa saa tano, rudi ukaze tena, maana plastiki hutambaa chini ya washa.

Kukata tumia msumeno wa seremala wa meno makubwa. Diski ya grenda inaiyeyusha na inaganda kwenye diski. Keekee iwe kali, itoe nje kila baada ya mm chache.

#28 Sangara_wa_Ziwani
Gundi ya nguvu haiwezi kusaidia badala ya matundu yote hayo?

#29 Bolti_M12
Gundi za kawaida za dukani hazishiki polietilini. Sababu inayofanya tope lisinate ndiyo hiyohiyo inayofanya gundi isinate.

#30 Ganda_la_Mpunga
Hapo mimi napinga kidogo. Tope halinati kwa sababu uso ni laini na hauna kutu. Chuma kilichong'arishwa na kazi nacho hakinati, tazameni jembe la plau baada ya ekari kumi. Tatizo ni kwamba mvua ikinyesha usiku mmoja kinashika kutu na asubuhi tope linaganda tena.

#31 Itogolo
Na uzito je? Kiatu cha plastiki cha mm 12, mita 2 kwa sentimita 30, hakifiki kilo 7. Cha chuma cha mm 6 ni kilo 28. Kichwa kikiwa chepesi kinakandamiza ardhi kidogo, kinazoa tope kidogo. Inawezekana faida mnayoipa plastiki ni ya uzito tu.

#32 Bolti_M12
Kilo 21 kwenye kichwa kizima ni kitu kidogo mno, mkuu. Tope lililonata chini ya chuma linazidi hapo mara kadhaa.

#33 Mama_Mchele
Na vidole vya rili vya plastiki? Navyo vina lawama zake hapa kijijini, wanasema vinakatika.

#34 Mkerezaji_Igogo
Vinakatika mama, na hiyo ndiyo kazi yake. Kidole cha chuma kikipinda na kushuka kwenye kisu, kisu kinavunjika. Cha plastiki kikishuka, kisu kinakikata na mashine inaendelea. Dereva awe na vipya kwenye boksi la vifaa, kubadilisha ni dakika chache.

#35 Ganda_la_Mpunga
Kabla hatujasahau: atakayechomelea kichwa au koo baada ya kuweka plastiki, aitoe kwanza. Polietilini inawaka kama mshumaa, inadondosha matone ya moto kwenye makapi makavu.

#36 Jaruba_Magu
Nashukuru wote. Bushi zitachemshwa. Sakafu ya koo natoa chuma cha zamani, cheni inakazwa. Kuhusu viatu, nataka kupima: kushoto minyororo mirefu, katikati bomba, kulia chuma, zote zianze mm 12, nipime kila baada ya ekari 20 mahali palepale nilipotia alama.

#37 Itogolo
Andika na shamba ni mbuga au itogolo kila unapopima, bila hivyo namba hazitasema kitu. Na dereva wako anazunguka jaruba kwa upande gani?

#38 Jaruba_Magu
Kushoto, siku zote.

#39 Itogolo
Basi kona ya upande mmoja inasota zaidi kila akigeuka, iwe plastiki au chuma. Badilisha kushoto na kulia katikati ya msimu, la sivyo utakuwa unampima dereva.